Kiondo cha Mkono wa Kushoto

Kiboko,
8 Machi 1981

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwetu wote, kuanzia kwa Kiema mpaka kwa Mulei, ambaye sasa hana meno ya mbele na anakataa kucheka mbele ya wageni. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Huko Zombe mko aje? Mzee Nzuki anaendeleaje na kile kiuno chake? Mwambie ninamkumbuka katika maombi, na umwambie pia aache kubeba maji, maana najua anabeba.

Hapa mvua bado. Kiema angali dereva kwenye kituo cha utafiti, na wiki hii amekuwa akisafirisha mbegu za mtama tangu Jumatatu. Mimi nafundisha watoto wa nasari asubuhi. Mchana nina kazi za kanisa, kwa sababu akina mama walinichagua tena kuwa katibu wao.

Shangazi, nina jambo dogo. Nataka kujifunza kusuka kiondo. Usicheke. Siku hizi kichwa changu kimejaa mambo, na nasikia mtu akikaa na uzi mkononi moyo hutulia. Ni hilo tu. Makonge yako tele hapa kando ya barabara. Niandikie jinsi ya kusokota uzi na jinsi ya kuanza kitako, hatua kwa hatua, usiruke kitu. Ukiweza, jibu lifike kabla ya mwisho wa Aprili. Si kwamba kuna haraka.

Mulei anasema nikuombe asali.

Mimi mtoto wako,
Nzilani


Zombe,
29 Machi 1981

Kwa Nzilani mwanangu,

Barua yako ililala Kitui kwenye sanduku la kanisa siku kumi na mbili, mpaka Mchungaji Nzioka alipokwenda kununua mabati. Kwa hiyo kama kulikuwa na haraka ambayo haikuwapo, usinilaumu mimi.

Sisi tunaendelea. Mzee anabeba maji. Nilimsomea maneno yako, akasema watoto wa juzi wasimfundishe kazi. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mvua ilikuja siku moja, ikalaza vumbi, ikaenda zake. Asali itakuja ikipata mtu wa kuibeba asiyeilamba njiani.

Sasa wewe. Nimecheka, ingawa ulinikataza. Ni wewe kweli, uliyekataa kwenda shule na kiondo, ukabeba vitabu kwenye mfuko wa karatasi wa sukari, mvua ikakukuta mtoni na hesabu zako zote zikawa uji? Ulisema kiondo ni cha wanawake wasiojua kusoma. Nilikuwa nyuma ya ghala, nikakusikia. Na kusoma nilikuwa najua.

Haya, sikiliza. Kwangua jani la konge mpaka zibaki nyuzi tupu, uzioshe, uzianike. Chukua nyuzi chache, zigawe mara mbili, zilaze juu ya paja. Zisukume kwa kiganja kuelekea gotini, kisha uzirudishe zote pamoja. Zitajikumbatia zenyewe. Jipake jivu kwenye paja, la sivyo utachubuka. Kwa kitako, pishanisha nyuzi nne juu ya nne, kisha zungusha uzi wako ukielekea kushoto, kushoto siku zote, ukikaza kila mara. Usishike kazi hiyo ukiwa na hasira. Uzi hukaza na kulegea kama pumzi yako, na mtu akikitazama kiondo baadaye ataona siku uliyogombana na mume.

Lakini kwa nini nijisumbue hivi? Chukua kile kiondo nilichokupa siku ya harusi yako. Kigeuze, ukiweke mapajani, ukifuate kwa kidole kuanzia katikati. Kitakufundisha kuliko mimi. Nilikisuka miezi mitano.

Salimia baba Mulei.

Shangazi yako,
Ndululu


Kiboko,
26 Aprili 1981

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mzee, na hongera kwa mapacha. Huku Mulei alipata homa ya siku tatu, sasa anakimbia. Mvua imefika, na Kiema anasema mtama wa kituo umesimama vizuri kuliko wa kwetu.

Kuhusu mfuko wa karatasi, nimeona haya. Sikujua ulisikia. Naomba tusiongee habari hiyo tena.

Nimejaribu. Paja langu la kulia ni jekundu kama nyanya, jivu au pasipo jivu. Uzi wa makonge unakubali kidogo. Lakini nilinunua sweta ya mtumba sokoni, ya kijani, nikaifumua ili nitie mistari ya sufu kama wewe, na hapo ndipo ninaposhindwa. Kila nikisukuma kuelekea gotini, sufu inafunguka na kukatika. Na ule mzunguko wa kushoto unanipinda mkono mpaka nyuzi zinafungana. Nimeanza kitako mara tisa.

Hata hivyo sikudanganyi, kazi yenyewe nimeipenda. Juzi nilikaa mlangoni baada ya chakula cha mchana, nikasokota mpaka Mulei akaja kuniuliza kama nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza muda mrefu. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nahesabu nyuzi na kusikia njiwa, basi. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikaa hivyo bila kujisemesha moyoni.

Kile kiondo cha harusi nimekihifadhi mahali pa juu, si rahisi kukishusha sasa. Wewe nieleze tu. Ile mistari myekundu yenye weusi, uliipata wapi sufu yake? Akina mama wa hapa wanaulizauliza.

Nzilani wako


Zombe,
17 Mei 1981

Mwanangu,

Nashukuru Mulei amepona. Hapa mbaazi zimetoa maua. Mzee ameanguka na mtungi, hakuumia, mtungi ndio uliokufa. Sasa habebi maji, ananuna.

Nilisoma barua yako nikapiga goti langu kwa kicheko. Nzilani, mimi ni mtu wa mkono wa kushoto! Walimu wa misheni walinichapa nishike kalamu kwa wa kulia, na ndio huu ninaoandika nao, lakini uzi hakuna aliyewahi kunichapa juu yake. Nasokota kwenye paja la kushoto kwa kiganja cha kushoto. Sufu ya sweta imeshasokotwa huko kiwandani. Kwangu, nikiisukuma gotini, inakaza. Kwako inafunguka. Nilikuandikia kama najiandikia mwenyewe. Basi geuza kila nilichosema. Sufu ivute kuja kwako kwanza, na kitako ukizungushe kulia. Sweta ukiifumua, loweka uzi na uutundike na jiwe dogo, mpaka uzi usahau mikunjo yake.

Umeniuliza ile mistari. Ni rangi ya damu ya mzee, na si ya sokoni. Ni sweta ya shule ya Mbinya.

Nilikaa nayo miaka saba tangu tumzike binti yangu. Nilikuwa naitoa kwenye sanduku, naikunja, nairudisha. Ulipotuletea habari ya kuolewa, niliifumua mkono wa kwanza, nikaiweka kando wiki nzima, nikafumua wa pili. Mlilala kitanda kimoja, mlishiriki dawati moja, na surua iliwapata wiki moja. Nikaona kitu chake kiende na wewe nyumbani kwako. Sikukuambia siku ya harusi kwa sababu mtu hapeleki kilio kwenye harusi. Mistari ni minne, sweta ilitosha hapo. Shingo yake niliiacha, sikuweza kuifumua.

Basi ukipata barua hii, kishushe huko juu ulikokiweka. Ukishike tu.

Shangazi yako


Zombe,
12 Julai 1981

Nzilani,

Sisi hatujambo. Mbaazi tumevuna magunia mawili.

Wiki nane hakuna barua. Nilimuuliza Mchungaji kama sanduku limefungwa, akasema barua za wengine zinafika. Kama kuna mgonjwa, sema. Kama ni yale ya Mbinya yaliyokuumiza, sikuyaandika ili ulie. Nilitaka tu ujue.

Mzee anasema labda umekasirika nilipokucheka. Mimi nasema siyo hivyo. Niambie nani amepatia.

Ndululu


Kiboko,
2 Agosti 1981

Shangazi yangu,

Hatuna mgonjwa. Kiema yuko, Mulei yuko, ameota jino moja. Mzee hakupatia na wewe pia hukupatia. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana.

Kiondo sina.

Kilitoka mkononi mwangu mwezi wa Januari. Kanisa letu lilipata mgeni kutoka ng'ambo, mama mmoja mzee mwenye kutembelea vikundi vya akina mama. Tuliambiwa kila mmoja alete zawadi. Wenzangu walileta mayai, kibuyu, vitambaa walivyoshona wenyewe. Mimi katibu nilileta boksi la vikombe vya dukani, na nilipoviweka mezani karibu na vitu vyao niliona aibu, kwa sababu vyangu tu ndivyo havikuwa na mkono wa mtu ndani yake. Mgeni akapita kwenye mstari akitusalimu. Hakutazama vikombe. Alitazama kiondo begani mwangu, nilichobebea Biblia. Akagusa ile mistari. Akauliza kwa Kiswahili chake kidogo, "Umetengeneza wewe?"

Nikasema ndiyo.

Shangazi, hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema ni shangazi yangu wa Zombe, na angefurahi vilevile. Lakini wote walikuwa wananitazama, na lile neno lilitoka kabla sijalifikiria. Nilitoa Biblia, nikamkabidhi kiondo, nikasema nilikisuka kwa mikono yangu. Wakapiga makofi. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Februari mgeni akaandika. Anataka akina mama wa Kiboko wasuke viondo ishirini vya maonyesho ya kanisa lao, na yule mama aliyesuka kile chake awafundishe wenzake. Mwenyekiti wetu Gathoni aliisoma barua mbele ya wote. Kwa hiyo ule moyo wangu uliotaka kutulia ulikuwa ni huo. Nilitaka unifundishe upesi ili uongo ugeuke kuwa kweli kabla hawajajua.

Barua yako ya Mei ilinikuta nikiwa na kitako kizuri mapajani, cha kwanza kizuri, ambacho mkono wenyewe ulikuwa umekigeuza kulia kabla sijasoma maneno yako. Nikasoma habari ya sweta. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo, mahali ambapo mtoto hawezi kuniona. Nilikuwa nimempa mgeni mtu wa kwetu, nikapigiwa makofi. Nilikumbuka jinsi Mbinya alivyokuwa akivuta mikono ya ile sweta mpaka ifunike vidole asubuhi kukiwa na baridi. Nilikibeba kiondo kile miaka saba, nikatia ndani yake vitunguu, nepi, Biblia, na sikuwahi kuuliza.

Na bado sikusema. Juni tulianza mafunzo, nikaonyesha kitako changu. Gathoni ni mke wa mwenye duka hapa barabarani, watu waliotoka Murang'a, na amesuka tangu akiwa msichana. Alinitazama tu. Tulipotoka alinisindikiza mpaka langoni, akanishika mkono huu wa kulia na kusema polepole, "Kile cha mgeni kilisukwa na mtu wa mkono wa kushoto. Nilikiona. Wewe unashika uzi kwa wa kulia." Kisha akasema hatamwambia mtu, ni juu yangu. Afadhali angenitukana.

Nimemwandikia mgeni kuomba kirudi. Amejibu kwa upole kwamba kiko kwenye kabati la vioo kanisani kwao, chini ya kadi yenye jina langu, na kwamba watu hukisifu sana. Bado sijapata nguvu ya kumjibu.

Ni mimi niliyeona haya kubeba kiondo chako nikiwa mtoto, na ni mimi niliyekiita changu nilipokuwa mkubwa. Sijui nikuombe nini.

Nzilani


Zombe,
30 Agosti 1981

Kwa Nzilani,

Tuko hai. Mvua hakuna, na haijafika wakati wake.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na sita. Jibu la kwanza nililiandika siku ileile, na Mzee akalitia motoni bila kuniomba ruhusa. Alisema barua kama ile ikifika, haiwezi kuitwa irudi. Nilimkasirikia yeye pia. Ujue kwamba nilikasirika. Nilitupa makonge niliyokuwa nayo mkononi, na nilikuita majina ambayo Mchungaji hayajui.

Hasira ilipopungua nikabaki na jambo langu mwenyewe, na wewe umesema lako, sasa nitasema langu. Umeona nilivyoandika kwamba kiondo kilikuwa cha kupeleka kitu cha Mbinya nyumbani kwako. Ni kweli nusu.

Siku ile surua ilipomchukua Mbinya, wewe uliamka ukaomba uji. Nilikupa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli, nikajiuliza kwa nini ni wewe unayekunywa. Mtoto wa kaka yangu, niliyekabidhiwa nikulee kwa sababu shule iko karibu. Nilijiuliza hivyo miaka yote mpaka ukamaliza darasa la saba. Hukumbuki kwamba sikukutazama usoni? Nilikuwa nakupa chakula nikitazama sufuria. Nilikusuka nywele kwa sababu ukisukwa unatazama mbele. Wewe ulidhani mimi ni mkali. Sikuwa mkali, nilikuwa naona haya mbele ya mtoto.

Kwa hiyo miezi ile mitano nilikuwa nakuomba msamaha, mstari kwa mstari, kwa sababu mdomo ulinishinda. Nawe ulikuwa hujui kuisoma barua ile ya uzi, na mimi sikukusomea. Ningesema ukweli siku ya harusi, usingekitoa. Hilo halifuti uongo wako. Huo utautoa mwenyewe mbele ya wale waliokupigia makofi, mimi siwezi kukutolea.

Nimetuma kwa mkono wa Kivuva, fundi wa matangi anayekuja kazi Makindu karibu nanyi, asali ya Mulei na kifurushi kidogo. Ni ile shingo ya sweta. Nimeifumua. Nimeiloweka na kuitundika, imenyooka. Fanya nayo unachoona.

Ndululu


Kiboko,
25 Oktoba 1981

Shangazi yangu,

Kivuva alileta kifurushi tarehe sita, na asali haikulambwa. Mulei ameota jino la pili na Kiema amepewa gari jipya la kazi. Mvua imepiga jana.

Nilisema. Ilikuwa Alhamisi, tumekaa chini ya paa la kanisa, wanawake kumi na saba na nyuzi mapajani. Nilisimama nikasema kile kiondo kilisukwa na shangazi yangu Ndululu wa Zombe, kwamba nilidanganya mgeni na nikawadanganya wao, na kwamba kila nilichowafundisha nilikisoma kwenye barua wiki moja kabla yao. Mmoja alikusanya vitu vyake akaenda, na mpaka leo hajanisalimu. Mwingine alicheka, na kicheko kile nakisikia nikiosha vyombo. Walichagua katibu mwingine siku ileile. Gathoni ndiye anayefundisha sasa. Mimi nakaa mwisho wa mkeka nasokota, naye hupita akanilegeza bega.

Nilimwandikia mgeni pia, nikamwambia abadilishe kadi. Nimempa jina lako na la Mbinya. Sijapata jibu.

Kuhusu uji. Nakumbuka uji ule, Shangazi. Nakumbuka uliweka sukari, na sukari ilikuwa ya wageni tu. Hilo la macho nililijua. Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa nimefanya kosa kupona.

Kiondo hiki nimekisuka mwenyewe kwa mkono wa kulia. Shingo ya sweta ilitosha mstari mmoja na nusu, ukitazama utaona mahali ilipoishia, nikaendelea na makonge matupu badala ya kutia sufu nyingine ya kufanana. Kitako kimekaa upande. Kuna sehemu imekazwa mno, ni ile Alhamisi. Nakuletea kwa Kivuva huyohuyo. Si malipo, kile hakilipiki. Ni chako tu.

Nzilani


Zombe,
15 Novemba 1981

Nzilani mwanangu,

Mvua imetushika vizuri, mahindi yamefika gotini. Mzee ameanza kubeba maji tena, safari hii kwa kibuyu.

Kiondo kimefika. Nilikigeuza juu chini kabla ya kitu kingine, kama ninavyofanya kwa kazi ya mtu yeyote. Kitako ni kibaya. Kimeinama kama mzee aliyekaa kwenye kigoda kibovu. Ile Alhamisi yako nimeiona, na jinsi ilivyolegea baada yake nimeiona pia. Nilishika mstari wa Mbinya kwa kidole mpaka pale ulipokatika. Umefanya vyema kutoziba pengo. Nimekitia kunde, nikakibeba mpaka sokoni, na walioniuliza ni kazi ya nani nimewaambia.

Desemba shule zikifungwa njoo na Mulei, mkae mpaka mwaka mpya. Kwa barua hutajifunza kitako, hata nikigeuza kila neno. Utaleta kigoda chako, ukiweke mbele yangu, usikae ubavuni kama wanafunzi wanavyokaa. Tukitazamana, mkono wangu wa kushoto utakuwa upande uleule wa mkono wako wa kulia, na utaona kila kitu kilivyo. Nami nitakuwa nakutazama.

Shangazi yako,
Ndululu